Matufaha ya Julai

Jengo letu lina milango minne, na mtu akiniuliza Lapotkovo kilikuwa kijiji cha namna gani, namwambia aje akae kwenye benchi letu Jumapili asubuhi asikilize. Mlango wa kwanza wanakaa watu wa Juu, wale ambao nyumba zao zilikuwa karibu na kanisa. Mlango wa nne wanakaa watu wa Korongoni. Watu wa Juu wanasema wa Korongoni ni wezi wa kuku, na wa Korongoni wanasema wa Juu wana maringo na hawajui hata kukama ng'ombe. Kuku wa mwisho alichinjwa kabla sijamaliza shule, lakini ugomvi bado mbichi.

Moscow haikutumeza kwa pupa. Kwanza ilituingiza kwenye ramani yake, kisha ikatuletea maji ya bomba, halafu siku moja ikaleta matingatinga. Nyumba za magogo zikaangushwa, kijiji kizima kikahamia kwenye jengo hili la ghorofa tano, kila mtaa na mlango wake. Marehemu baba alisimulia kwamba mzee mmoja wa Korongoni alimpandisha mbuzi wake hadi ghorofa ya tatu akamfungia kwenye roshani, na mbuzi akawa anakula nguo za jirani zilizoanikwa. Watu wa Juu wanasema mpaka leo kwamba katika mlango wa nne mzima mwenye adabu alikuwa yule mbuzi tu.

Mimi naitwa Nonna, na hadithi za namna hii ndizo chakula changu. Watu wananiita mdaku, nami sikatai. Kuuliza si ujinga, na tangu nistaafu kazi ya ushonaji sina shughuli inayonipa raha kuliko hiyo. Najua kisima kilikuwa wapi, najua nani alimkimbia nani usiku wa kuamkia harusi. Nilidhani nakijua kijiji chote.

Mwaka huu jengo nalo limefikiwa na zamu yake. Litabomolewa, maana limechoka na mabomba yanavuja, na ng'ambo ya reli umejengwa mnara mpya wa ghorofa ishirini ambamo tumetengewa nyumba, majirani wote pamoja. Kila mtu alishaweka sahihi isipokuwa mmoja, mama yangu niishiye naye. Asipokubali, jambo litapelekwa mahakamani, na mahakama itatutupa popote penye nafasi, hata upande wa pili wa Moscow, mbali na kila mtu tunayemjua. Mama ana miaka themanini na kitu. Kumng'oa katikati ya watu wake ni kumzika akiwa hai, na mimi niliogopa kweli.

Binti wa ofisi ya makazi alikuja mara nyingi, mpole, na chokoleti mkononi.

"Ustinya Prokhorovna, kule kuna lifti."

"Mimi nakaa chini," mama akamjibu. "Lifti inipeleke wapi?"

"Na roshani kubwa, ina vioo!"

"Kwani nina mbuzi?"

"Lakini sababu hasa ni nini, mama yangu?"

"Hapa naona watoto wakicheza mpira. Chai yako inapoa."

Dirisha letu la jikoni linatazama kiwanja cha shule, ni kweli. Lakini mama hajui hata timu moja, na watoto wakipiga kelele huwafokea. Nikaona ananificha kitu. Nami mtu akinificha kitu silali.

Sasa, kati ya jengo letu na ua wa shule umebaki mtufaha mmoja wa zamani za kijiji. Unaiva mapema, Julai, matufaha meupe yenye maji mengi, matamu mpaka nyigu wanalewa. Wageni waliohamia baadaye wanayaokota kwa ndoo. Wazee wa Lapotkovo hawayagusi. Hilo nililifanyia utafiti miaka mingi. Mmoja aliniambia chini ya mti kuna askari wa Kifaransa wa vita vya kale, aliyezikwa na buti zake. Mwingine akasema padri wa zamani aliulaani kwa sababu watoto waliiba matufaha wakati wa misa. Wa tatu akaapa kwamba yanaharibu tumbo, nami nikamcheka, maana nimeyala tangu nina meno ya utotoni na tumbo langu zima. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akinichumia. Alilifuta tufaha kwa aproni, akanipa, akanitazama nikilimaliza, asionje hata kipande. "Yananitia ganzi meno," alisema. Na Agosti ikishafika katikati, baada ya Sikukuu ya Mwokozi matufaha yanapobarikiwa kanisani, anakula ya aina yoyote, hata yale makali ya kukunja uso. Nililiona hilo kila mwaka nisijiulize. Udaku wangu wote niliutumia nje ya mlango.

Asubuhi moja ya Julai nilikuwa benchini na Shangazi Glafira wa mlango wa nne, mzee kuliko sisi wote, mwenye ulimi wa kukata kabichi. Akapita jirani mgeni na ndoo yake imejaa.

"Chukueni, jamani, ni matamu!"

Mimi nikachukua mawili. Glafira akaitikia kwa kichwa, mikono ikabaki mapajani.

"Shangazi, leo hunitoki," nikamwambia. "Mtu mzima unaogopa askari wa Kifaransa?"

"Askari gani? Nani kakudanganya hivyo?"

"Sergei wa mlango wa kwanza."

"Wa Juu hao! Wangezika hata tembo kama kungekuwa na wa kuwasikiliza." Akanigeukia. "We Nonna, na udaku wako wote, hujui? Mama aliyezika mtoto haonji tufaha mpaka Sikukuu ifike. Siku hiyo kule mbinguni watoto wanagawiwa matufaha, mmoja mmoja. Yule ambaye mama yake alitangulia kula anaambiwa, lako amelila mama yako. Basi anasimama mikono mitupu, anawatazama wenzake."

"Hilo la kutokula kabla ya Sikukuu nalijua. Si ni la kila mcha Mungu?"

"Mcha Mungu, sawa. Lakini hapa petu hata wasiomjua Mungu walilishika. Kulikuwa na njaa, vita, surua. Ungegonga kila nyumba Lapotkovo usingepata mama ambaye hakuzika. Na mti unaiva Julai, Sikukuu mpaka Agosti ipite katikati, kabla haijafika yameoza yote. Sasa angekula nani? Aliyeupanda mti ule sijui alikuwa na akili gani."

"Na wewe, Shangazi?"

"Wawili."

Nilimshika mkono. Halafu kichwa changu kizito kikaanza kufanya hesabu ambayo kilipaswa kuifanya zamani, na tufaha nikaliweka benchini.

"Shangazi. Mama yangu alimzika nani?"

Glafira akaanza kutafuta fimbo yake, ingawa ilikuwa mkononi mwake.

"Kamwulize mwenyewe. Mimi ni wa Korongoni, sitaki kuambiwa nimeiba hata maneno."

Mama alikuwa jikoni, anamenya viazi mbele ya dirisha lake. Sikujua kuzunguka, sijawahi kujua.

"Mama, ulimzika nani?"

Kisu kikasimama.

"Glafira," akasema. "Mdomo wake ndio ungebomolewa kabla ya jengo."

"Hakuniambia. Alikataa. Mama, nina miaka karibu sitini!"

Akamaliza kumenya kiazi alichoshika, polepole, akakitia kwenye bakuli.

"Matvei," akasema. "Kaka yako. Alizaliwa wakati wa theluji, miaka miwili kabla yako. Alianza kukohoa barafu ilipokuwa inayeyuka. Wakati ule Moscow ilikuwa ng'ambo ya korongo, taa zake tunaziona usiku, na lami iliishia ukingoni kule. Upande wetu ni tope la kumeza farasi. Baba yako alimfunga kifuani chini ya koti akashuka naye korongoni kwa miguu. Alipofika kwenye lami alikuwa amebeba koti tu." Akajifuta mkono kwenye aproni. "Mwaka uliofuata wakatuingiza mjini. Wakajenga daraja. Watu wakapiga vigelegele, nami nilipiga. Ningefanyaje?"

Nililia, kisha nikakasirika. Kwangu hayo mawili hayaachani.

"Miaka yote hii naulizia kisima cha watu na mbuzi wa watu, na wewe umekaa kimya!"

"Uliulizia mbuzi," mama akasema. "Hili hukuuliza."

"Bibi yako alinikataza," akaendelea. "Alisema mtoto akitajwa-tajwa, wa pili hatakaa. Ukazaliwa wewe, nikaogopa kumtaja. Ukakua, nikaona aibu, maana ningeanzia wapi? Mwisho ikawa mazoea."

"Na kuhama hutaki kwa sababu yake."

Akaelekeza kisu dirishani. Watoto walikuwa wanakimbizana, kipa wao amekaa chini anafunga kiatu.

"Makaburi yalikuwa pale. Tuliambiwa kila mtu ahamishe wafu wake. Wakubwa walikuwa na misalaba, wakahamishwa. Matvei alikuwa na kijiti, na kijiti kilishaoza. Baba yako alichimba kutwa nzima na koleo, akarudi jioni, akanawa, akalala bila kula. Sikumwuliza. Basi yupo pale, mahali fulani, labda kwenye goli, labda pembeni. Wale watoto nawafokea, lakini siku wasipocheza nasikia upweke kwa ajili yake."

"Lakini Mama, ukikaa au ukiondoka, yeye hapo hatoki."

"Najua. Mimi si mjinga." Sasa sauti yake ndiyo ikavunjika. "Baba yako amekufa. Mkunga amekufa. Glafira anajua kwamba nilizika, lakini uso wake hakuuona. Nimebaki mimi peke yangu duniani ninayejua kwamba mtu huyu alikuwepo. Nikiondoka hapa nikafia huko kwenye ghorofa zao, itakuwa hakuzaliwa, Nonna. Kabisa."

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujua mzazi, na mimi sikubahatika kuzaa, kwa hiyo sitajidai kuujua. Nilichojua ni kuuliza. Nikavuta kiti, nikamwuliza nywele zake zilikuwaje. Nyekundu kidogo, akasema, kama za baba yake alipokuwa kijana. Alilia vipi? Kwa hasira, akinyamaza ghafla kusikiliza kama kuna anayekuja. Alipenda nini? Kushika kitu, chochote, kidole, ncha ya kitambaa, na hakuachia hata usingizini. Aliwahi kucheka? Mara moja, paka alipopiga chafya, na mama aliponiambia hilo akacheka mwenyewe kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikauliza na kuuliza. Kwa mara ya kwanza maishani hakuna aliyeniambia nina maswali mengi. Viazi vikageuka vyeusi kwenye bakuli na mchana ule hatukupika.

Mama alipochoka aliweka mikono mezani.

"Haya," akasema. "Sasa tuko wawili. Zile karatasi za yule binti umeziweka wapi?"

Akaweka sahihi yake taratibu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Halafu akaanza kulalamika kwamba kabati la vyombo halitapita kwenye mlango wa huko, na ugomvi wa kabati ukatupeleka mpaka vuli.

Tulihama Oktoba. Watu wa Juu walipewa ghorofa za chini na wa Korongoni wakapangwa juu, na nadhani vicheko vya Glafira vilisikika mpaka Kremlin. Siku ya kwanza tuliingia kwenye lifti mama na mimi, pamoja na mwanamke kijana tusiyemjua, mwenye mtoto kwenye kigari. Mlango ulipojifunga akatutabasamia, kama watu wanavyofanya mahali pa kubanana.

"Mnahamia leo? Karibuni. Bibi una watoto wangapi?"

Swali hilo nimemsikia mama akiulizwa maisha yangu yote, sokoni, hospitalini, kwenye treni, na sikuzote amejibu neno moja, mmoja. Nikafungua mdomo nijibu badala yake, ili asipate taabu.

"Wawili," mama akasema, akanishika kiwiko. "Huyu ni kitinda mimba wangu."