Nipe Naro Moru

Murugi alikuwa na miavuli mitatu ya bluu, yote imeandikwa Barafu ya Mlima, na yote aliipata kwa njia moja: kwa kusema "naunga mkono" upesi kabla kuku hajapoa.

Mikutano ya mwaka ya kampuni ile ndivyo ilivyokuwa. Wenye hisa ndogondogo wanajaa katika ukumbi wa kanisa mjini Nyeri, mwenyekiti anasoma hesabu kwa Kiingereza cha mbio, kisha anauliza nani anapendekeza zipite na nani anaunga mkono. Mzee Mutahi anapendekeza. Murugi anaunga mkono. Kila mtu anapewa mwavuli na kiboksi cha kuku, na habari inaishia hapo.

Kampuni yenyewe ilijenga ghala la baridi Naro Moru, ili viazi vya wakulima vilale humo mpaka bei ipande. Murugi alilipenda wazo hilo hata akawashawishi wanawake kumi na wanne wa kikundi chake wanunue hisa. "Mkiulizwa, semeni ni mimi nimesema," aliwaambia.

Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma sasa. Miaka miwili ilipita bila barua wala mkutano. Simu ya ofisi ililia mpaka ikachoka yenyewe. Mlinzi wa ghala akiulizwa, hana ruhusa ya kuongea. Na kila Alhamisi kikundini rafiki yake Warigia alimwuliza, "Murugi, ghala letu linasemaje?" Siku hizi aliuliza akiangalia pembeni. Heri angemtukana.

Basi siku moja muuza nyama akamfungia maini kwa gazeti, na Murugi alipolikunjua jikoni akaona tangazo dogo kama kucha: Barafu ya Mlima, mkutano, kesho kutwa. Ndivyo alivyoalikwa kwenye mali yake.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Mutahi.

"Mzee, safari hii tunyamaze."

"Tunyamaze aje?"

"Mwenyekiti Ngatia akiuliza nani anapendekeza, tuangalie viatu. Wametunyamazia miaka miwili. Sisi tuwanyamazie asubuhi moja tu, tuone."

Mutahi akafikiri. "Na kuku?"

"Kuku atangoja. Ashakufa, ana haraka gani?"

Neno likapita nyumba kwa nyumba.

Siku ya mkutano, Ngatia, mwenyekiti, alisoma karatasi zake akamaliza. Kando yake aliketi Lynn, msichana wa ofisini, na mkoba wake mapajani.

"Nani anapendekeza hesabu zipite?"

Kimya. Mtu akakohoa.

"Mzee Mutahi?"

"Niko na kikohozi," Mutahi alisema, macho kwenye kamba za viatu.

"Haya, Mama Murugi, tusaidie wewe."

Murugi akasimama. "Nitakusaidia. Kitendawili!"

"Tega!" ukumbi mzima ukaitika. Hata Ngatia neno lilimponyoka.

"Niko na mtoto, nimemzaa mimi mwenyewe. Kila mwaka naitwa nimpigie makofi ati amekua. Lakini uso wake sijaonyeshwa."

"Kiazi," Ngatia alisema akitabasamu.

"Kiazi ukichimba unakiona."

"Shosho, ni kivuli?" Lynn akajaribu.

"Kivuli changu nakiona kila nikitoka nje, mjukuu wangu."

"Haya, tumeshindwa," Ngatia akasema, akitazama saa.

"Nipe mji."

"Chukua Nyeri yote, mama, tuendelee."

"Nyeri ina wenyewe."

"Chukua Murang'a."

"Nikalale kwa nani? Nipe Naro Moru, na ufunguo wa ghala. Jibu liko humo ndani."

Kicheko kilipanda, kisha kikazimika chote mara moja. Ngatia alipangusa miwani. "Mambo ya ghala ni ya bodi. Mtaelezwa wakati ufaao."

"Basi tutaungoja hapa hapa," Murugi akasema, akaketi.

Wakangoja. Harufu ya kuku ilipita chini ya mlango, na hakuna aliyeinuka. Saa saba ikafika, ikapita. Mwishowe Lynn akafungua mkoba, akaweka funguo mezani.

"Mwenyekiti, hata mimi nimechoka kuambia watu nitawapigia."

Abdimalik, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Nanyuki, naye mwenye hisa, alikuwa na lori nje. "Inanuka," alisema, "lakini inafika." Murugi alipanda na gauni lake la kanisani, Mzee Mutahi na wengine wakajaa nyuma. Ngatia aliwafuata kwa gari lake, taratibu, kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Mlango wa ghala ulifunguka kwa shida. Ndani hamkuwa na kitu. Mahali pa mashine palibaki misumari minne mikubwa iliyochomoza sakafuni, na gunia moja la viazi vilivyochipua, machipukizi yakitafuta mwanga wa dirisha.

"Mashine zilichukuliwa na aliyetukopesha," Ngatia alisema polepole. "Tulitaka kuwaambia tukishapata habari njema ya kuwapoza nayo."

Murugi alidhani atalia. Badala yake akatoa simu, akampigia Warigia aliyebaki ukumbini na wenzao.

"Warigia, ghala ni tupu. Mashine zilichukuliwa na tukafichwa. Mimi ndiye nilisema mnunue, na mimi ndiye nakuambia hivi leo."

Warigia akauliza, "Nini imebaki?"

"Kuta, mabati, na kiwanja chini yake. Na ni vyetu."

"Basi usitoke hapo. Tunakuja wote."

Murugi alivuka barabara hadi dukani, akanunua kufuli kubwa kuliko yote. Alipowatoa watu nje, akafunga mlango na kufuli hilo, akalivuta mara mbili kuhakikisha.

"Mama, hiyo si sheria," Ngatia akasema.

"Nenda kashtaki. Huko nako watakuuliza mashine ziko wapi."

"Sasa mimi nitaingiaje?"

"Andika barua. Kwa kila mwenye hisa, kwa jina lake, kwa lugha anayojua. Useme yote. Nikiisoma nikaielewa, nitakuja kukufungulia."

Akatia ufunguo kifuani, akafungua mwavuli wa bluu aliokuja nao, maana mlima ulikuwa umeanza kutema manyunyu, akaketi kizingitini kuwangoja wanawake wake. Mzee Mutahi akajibanza kando yake. Baada ya kitambo akatoa kiboksi chini ya koti.

"Mzee! Uliiba?"

"Ni changu. Nina hisa ndani yake."

Murugi akachukua paja.