Kibao cha Njia Panda

Katika chama cha pikipiki za zamani hatutumii ramani, tunatumia watu. Njia ikikata kona, anayemfuata kiongozi anasimama pale, ananyoosha mkono kuwaelekeza wenzake, na haondoki mpaka Mfagizi apite. Mfagizi ni yule anayeendesha nyuma ya wote. Huyo wa kwenye kona anaitwa Kibao.

Jumamosi ile nilikuwa sijawa mwanachama. Nilikuwa na pikipiki ya kijani aliyoniachia marehemu shangazi yangu, mkunga, na nilikuwa nimebakiza safari moja ya majaribio. Nikifaulu, napewa beji na tunakwenda maonyesho makubwa, mimi na pikipiki ya shangazi. Nikiacha kituo, naanza upya mwakani.

"Wewe mwenye kichanga," Katibu, mama mwenye duka la miwani, aliniambia asubuhi tukipasha injini, "leo nakuweka Kibao. Lakini nakujua. Mtoto akilia kilomita kumi kutoka hapa, utamsikia na kukimbia."

"Dada, mimi nina mume. Baba yake atatangulia naye kwa gari mpaka mwisho wa safari."

"Mume hana maziwa, mwanangu!"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, kwa woga.

Tukaondoka. Jamani, raha! Pikipiki ishirini na moja zikikohoa kwa pamoja, kila silensa na sauti yake, na mimi nyuma ya kiongozi nikipiga kelele ndani ya kofia kama mwendawazimu. Kwenye njia panda kiongozi akanionyesha kidole. Nikasimama, nikanyoosha mkono kushoto.

Wenzangu wakapita mmoja mmoja, wakinipigia honi. Nikawahesabu, pamoja na kiongozi, mpaka kumi na tisa. Bado Mfagizi.

Nikasubiri. Gari la maji likaja, dereva akauona mkono wangu, akakata kushoto. Mzee wa baiskeli akasimama, akanitazama, akatazama kulia alikokuwa anaelekea, akaguna, naye akaenda kushoto. Nikapaza sauti, "Baba, wewe nenda zako!" Hakusikia. Lori la magodoro likapita, dereva akanipungia, nami nikampungia kwa mkono uliobaki.

Saa nzima ikaisha. Mkono ukawa si wangu tena. Na maziwa, loo! Yalipofika wakati wa mtoto kunyonya hayakuuliza kama niko kazini. Blauzi ikalowa. Nikamwaza mwanangu akiisukuma chupa kwa kile kingumi chake, nikataka kulia. Mguu ukaenda wenyewe kwenye kiki. Nikauvuta ukarudi. Kama Mfagizi ameanguka huko nyuma, akija akakuta kona tupu, je?

Ndipo likaja gari letu, mume wangu akiendesha na mtoto akipiga yowe kwenye kiti chake.

"Mke wangu, unafanya nini hapa? Wenzako wanakunywa chai!"

"Mfagizi hajapita."

"Mfagizi amefika zamani! Mnyororo wake ulikatika, akapewa lifti. Nimewauliza uko wapi, wananijibu, 'Mfagizi akishafika, wote wamefika.' Hakuna aliyehesabu!"

"Lifti ya nini?"

"Lori la magodoro. Alikuwa amelala huko juu, pikipiki yake ubavuni."

Nikacheka mpaka pikipiki ikayumba. Lakini mkono sikuushusha.

"Twende basi," akasema.

"Sheria ni apite nimwone. Nipe mtoto."

"Hapa?"

"Hapa hapa, baba. Shika pikipiki."

Basi nikanyonyesha juu ya siti, mkono mmoja chini ya mwanangu, mwingine kushoto, huku mume wangu akitukinga kwa koti na kunung'unika kwamba ameoa chama kizima.

Tulikuwa hivyo hivyo nilipozisikia zile silensa. Wote walirudi! Mbele yao lile lori, na juu ya magodoro Mfagizi amekaa kama bwana harusi. Katibu akashuka, akanitazama, akamtazama mtoto, akautazama mkono. Mdomo ukamcheza.

"Shusheni pikipiki ya Mfagizi," akasema.

"Imekufa, Katibu!"

"Basi sukumeni. Mtoto wa watu anasubiri apitiwe."

Wakaishusha. Mfagizi akapanda, akafunga kofia, akanyoosha mgongo, uso mkavu. Watu wazima wanane wakaanza kumsukuma wakihema, dereva wa lori akiwemo. Aliponifikia akapiga honi. Hata honi ilikuwa imekufa, kwa hiyo akaipiga kwa mdomo.

"Piii! Kibao, nimepita!"

Nikataka kushusha mkono, ukagoma. Ikabidi Katibu aukunje mwenyewe, pole pole, kama anayekunja meza ya kukodi, ndipo akapata pa kunibandika beji.