Bundi wa Nyumba ya Mchoraji

Kwa maelezo ya Gus Lindqvist, bundi huyo hakuzidi kikombe cha kahawa. Alikuwa kwenye msonobari wa nyuma ya nyumba ya marehemu mchoraji, ambayo sasa ni makumbusho, akamkazia Gus macho, na Gus alipovua kofia kumwamkia, bundi naye akainamisha kichwa. Hayo aliyasimulia akiwa upande wa pili wa ua wa nyumba yake, mkononi ana mkate wa yai na jibini, na jirani yake Noreen Tedesco akamsikiliza kama mtu asikilizavyo mvua. Gus ndiye aliyewahi kuona dubu nje ya maktaba, na dubu mwenyewe akawa mbwa wa mchungaji wa kanisa.

"Usinicheke, mama makumbusho," alisema Gus. "Kaangalie mwenyewe. Mimi sitamwambia mtu."

Noreen alikwenda. Chini ya msonobari palikuwa na madoa meupe kama chokaa iliyomwagika, na kitonge cha manyoya kilichotapikwa na bundi, chenye vifupa vya panya. Akapandisha macho polepole, tawi kwa tawi. Bundi alikuwepo, amelala, amejikunja kama soksi. Noreen akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

Katika Westchester, kaskazini ya jiji la New York, hakuna amtupiaye bundi mawe. Lakini watazamaji wa ndege wa huko wana mwiko wao: bundi anayelala mchana hatajwi alipo, hata mume haambiwi. Majira ya baridi yaliyopita mtu wa ng'ambo ya mto alimtangaza bundi wake mtandaoni kwa simu. Treni za kutoka mjini zikashusha watu na kamera ndefu, wakamzunguka, wakamchezea milio ya bundi ili ageuke apigwe picha. Ndege akakurupuka, akaishia barabarani chini ya gari.

Noreen aliyajua hayo, ila alijua na jingine. Bodi ya makumbusho ilikuwa imesema kwamba wageni wasipoongezeka kufikia majira ya kuchipua, nyumba itafungwa na vitu vya mchoraji vitapelekwa ghalani. Tangu afiwe na mumewe, Noreen alikuwa akijitolea kuwatembeza wageni humo. Alijua ubao upi sakafuni unalia. Gus aliiona dawa: bundi mmoja tu, na vyumba vitajaa. Noreen alimjibu kwamba dawa nyingine humaliza mgonjwa.

Jumamosi treni ilileta mgeni mmoja, Odalys Peguero, mwalimu kutoka mtaa wa Bronx, huko mjini. Noreen alimpitisha chumba kwa chumba, akamwonyesha brashi zilizokauka na picha ya mto ambayo mchoraji hakuimaliza. Mwalimu hakuwa na haraka. Aliuliza kwa nini upande mmoja wa mto hauna rangi, swali ambalo wageni wengi hawaliulizi. Kisha, walipofika jikoni, akasimama dirishani na kuitazama misonobari.

Mzee mmoja kwenye duka la mikate, hapo stesheni, alikuwa amemwambia mwalimu habari za bundi. Moyoni Noreen alimvua Gus kofia akampiga nayo.

Odalys alieleza shida yake bila kuzunguka. Alitafuta mahali pa kuwaleta wanafunzi wake kila mwezi, basi lililipiwa tayari. Ziara hizo zingetosha kuinyamazisha bodi. Lakini mwalimu alikuwa akifikiria pia kuwapeleka kwenye shamba lenye mbuzi wa kushikwa, na watoto, alisema, hawakai sana na marehemu mchoraji.

"Watoto hawajui kunyamaza," alisema Noreen.

"Wangu wakimwona bundi watanyamaza, kwa woga. Kwetu bundi alipotua juu ya paa, bibi yangu aligeuza viatu juu chini ili kumfukuza, akaanza kusali. Hawa nao wamelelewa hivyo hivyo. Nataka wamwone amelala tu, ndege kama ndege."

Hata Noreen, alipomwona, alikuwa ameshtuka kidogo.

"Basi nionyeshe mimi kwanza, Bi Noreen. Mimi peke yangu. Sitamwambia mtu."

Maneno yale yale ya Gus. Noreen alikuwa ameushika ufunguo wa mlango wa nyuma, umepata joto kiganjani. Odalys akaitoa simu yake mfukoni, akaiweka juu ya meza ya mchoraji, kioo chini, akasubiri.