Sentensi ya Sunhi

Jamani, neno moja tu la Kiingereza linaweza kumtoa mtu jasho! Wiki ya tatu hiyo Herieth, mwanafunzi kutoka Moshi, anamfundisha Sunhi neno "defy", yaani kukaidi amri. Na wiki ya tatu Sunhi, Mkorea, mke wa muuza vifungo wa mtaa wa Sanyuanli huko China, hajatunga hata sentensi moja yenye mtu ndani yake.

"Mvua inakaidi mwavuli," akasoma Jumamosi hiyo.

"Mtu, dada! Mtu anamkaidi mkubwa wake!"

Sunhi akamtupia jicho mama mkwe wake, Bibi Pak, aliyeketi sakafuni akimenya vitunguu saumu, kisha akainamisha kichwa. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, hajawahi kumwambia hapana.

Mara kelele ngazini: askari wanakagua pasipoti, mlango kwa mlango. Moyo wa Herieth ukapiga paa! Pasipoti yake ilikuwa imepelekwa kuongezewa viza, na risiti, mzembe huyo, kaisahau bwenini. Mwaka ule wa 2009 wageni wasio na hati walikuwa wanarudishwa makwao kila wiki, naye kabakiza muhula mmoja tu apate shahada.

"Atoke," Bibi Pak akasema kwa Kichina, ili wote waelewe. "Sitaki balaa nyumbani kwangu."

Herieth akainuka. Sunhi akamdaka mkono, akamsukumia kabatini katikati ya magodoro yaliyokunjwa.

Lo, viatu! Nyumba ile viatu huvuliwa mlangoni, na raba za Herieth, namba arobaini na tatu, zilikuwa zimelala pale kama mikate miwili ya boflo. Kupitia upenyo akamwona Sunhi akizivaa upesi na kufungua mlango. Askari wawili wakadai pasipoti. Zilikuwa kwenye droo, ng'ambo ya chumba. Basi Sunhi akazifuata na raba miguuni, ee Mungu wangu, juu ya sakafu ya Bibi Pak, kwapu, kwapu, kwapu!

"Mbona viatu vikubwa hivyo?" askari akauliza.

"Napenda nafasi."

Herieth akauma godoro asicheke.

"Bibi, kuna mtu mwingine humu?"

Bibi Pak alikuwa anatazama nyayo za vumbi sakafuni kwake. Herieth akaanza kusali.

"Hakuna," Bibi Pak akajibu. "Mkitaka kuhakikisha, ingieni, ila vueni hayo mabuti!"

Askari wakatazama kamba za mabuti yao, wakatazama ngazi zilizobaki, wakaenda zao.

Herieth akatoka kabatini anacheka na kulia kwa pamoja. Sunhi akanyoosha kidole kama yuko darasani, akasema kwa Kiingereza, "Ninamkaidi mama mkwe wangu!"

"Amesema nini?" Bibi Pak akauliza.

Herieth akatafsiri.

Bibi Pak akamrushia mkwewe kitambaa cha kufutia sakafu. Halafu akalivuta daftari, akalamba ncha ya penseli, akamkabidhi Herieth.

"Niandikie na mimi hilo neno," akasema. "Mama mkwe wangu anafika Jumatano."