Sakafu Aliyoiona Mwewe

Pale kwenye ujenzi wa ghorofa walimwita Mwewe, na jina likamkaa. Akiwa juu kwenye kibanda cha kreni, aliweza kumwambia fundi aliye chini kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka. Mdogo wake alikuwa mfungaji wa mizigo. Huyu anafunga, yule ananyanyua, na wakiongea kwa redio ungedhani wamekaa chumba kimoja.

Ila nyumbani mambo yalikuwa yameanza kwenda mrama. Bega la kushoto la Mwewe lilikuwa haliishi kugonga mihimili ya milango. Siku moja alimimina chai pembeni ya kikombe, ikatiririka mezani naye anaendelea tu kumimina.

"Baba watoto, unamnywesha nani, meza?" mkewe alicheka.

Ilipojirudia, hakucheka.

Wataalamu wa macho walipokuja kazini kupima wafanyakazi, Mwewe alisoma herufi zote hadi mstari wa mwisho, jicho moja moja, kwa mbwembwe, wenzake wakampigia makofi. Kisha muuguzi akamkalisha mbele ya kamera, akampiga picha ndani ya macho. Picha zilisomwa na akili bandia, programu ya kompyuta iliyofundishwa kwa kuonyeshwa macho ya watu wengi, wazima na wagonjwa. Kompyuta ilinyamaza kidogo. Halafu kioo chake kikawa chekundu.

"Inashuku presha ya macho," muuguzi alisema kwa sauti ya chini. "Zaidi jicho la kushoto. Inabidi daktari akuone haraka."

"Dada yangu, si umenisikia nikisoma? Macho yangu hayaumi, hayawashi."

"Ugonjwa huu mara nyingi hauumi, kaka. Unakula mshipa wa jicho taratibu, na kuona kwako kunapungua kuanzia pembeni. Katikati unakuachia mpaka mwisho. Kompyuta inaweza kukosea, ndiyo maana nakutuma kwa daktari. Ila usipuuze."

"Basi hiyo kompyuta yako ipande kreni, tuone!"

Watu wakaangua kicheko. Muuguzi hakucheka, wala mdogo wake Mwewe.

"Kaka, nenda," alimwambia wakiwa peke yao.

"Nikienda, juu nani atapanda? Tumalize kwanza ghorofa hili."

Wiki hiyo hiyo, asubuhi isiyo na upepo, Mwewe alinyanyua mzigo wa nondo akauzungusha polepole upande wa kushoto. Alitupa jicho chini. Sakafu tupu, saruji safi. Akaanza kushusha.

Redio ikalipuka kwa sauti ya fundi mmoja. "Simamisha! Simamisha! Kuna mtu!"

Alivuta breki, nondo zikayumba. Akageuza kichwa chote, na pale palipokuwa na saruji tupu pakatokea mdogo wake, ameanguka ubavu akizikwepa nondo, kofia ngumu imeviringika mbali.

Kilichomtia baridi mwilini ni ile sakafu. Hakuona giza, wala ukungu, wala doa. Macho yake yalimchorea mahali pasipo na mtu, naye akayaamini. Alishuka ngazi akikumbatia kila kipandio.

Mdogo wake aliponea chupuchupu, akavunjika mtulinga. Mwewe alikwenda kwa daktari wa macho bila kuambiwa tena. Akawekwa mbele ya chombo kama bakuli kubwa jeupe, abonyeze kitufe kila aonapo nukta ya mwanga. Alikaa kitambo kirefu kidole kimetulia.

"Daktari, imezima?"

"Inawaka," daktari alijibu. "Muda wote inawaka."

Kompyuta ya muuguzi haikukosea. Presha ilikuwa imeua sehemu kubwa ya mshipa wa jicho la kushoto, na la kulia lilikuwa limeanza kuliwa. Kilichokufa hakirudi. Sasa ilimbidi atie matone ya dawa kila siku, maisha yake yote, kulinda kilichobaki. Kreni, basi tena.

"Una ndugu wa tumbo moja?" daktari aliuliza.

"Mmoja. Juzi nusura nimuue."

"Mlete. Ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo."

Mdogo wake alikuja mkono umening'inizwa shingoni. "Mimi nimevunjika mtulinga, daktari, jicho langu zima," alitania, akaweka kidevu mbele ya kamera kama ile ya muuguzi. Kamera ikapiga. Kompyuta ikanyamaza. Mwewe alisimama nyuma ameshika mkono wa mkewe, akiomba kimoyomoyo mashine ikosee, walau mara hii.

Kioo kikawa chekundu.

Daktari hakuishia hapo. Alipima presha mwenyewe, akachungulia jicho moja, akahamia la pili, akarudi la kwanza. Kisha akavuta kiti akakaa.

"Kwako ndio kwanza unaanza," alisema. "Tumekuwahi. Usipokosa dawa, huenda macho yako yakabaki hivi hivi."

Mdogo mtu akashusha pumzi. Mwewe akamshika bega lile zima.

Mkewe alikuwa bado amesimama, anakikodolea macho kile kioo.

"Daktari," aliuliza. "Na watoto wetu?"

"Waleteni," daktari alisema. "Wote."