Mashine Inayosikia Kupita Kiasi

Mellen alipokataa kulia kwenye mazishi ya mumewe, wanawake wa boma walitazamana, wengine wakashika videvu. Kwani machozi yananunuliwa? Hata watu waliomjua Jeff kwa jina tu walikuwa wamelia mpaka sauti zikakauka, na yeye, mke mwenyewe, amesimama mkavu kama kuni ya kiangazi.

Ila hapakuwa na maiti, na hilo ndilo lililomtia ukaidi. Jeff aliendesha boti ya tajiri mmoja wa samaki, na boti hiyo ilipotea nje ya Karungu akiwa ndani yake peke yake. Waliomtafuta kwa miezi walirudi na mtungi mtupu wa petroli. Ziwa likikataa kurudisha mtu, watu wa huku Homa Bay hawamwachi azurure bila kwao. Huchukua tunda la yago, lile refu zito la rangi ya kijivu, wakalivisha shuka na kulizika mahali pake. Ndivyo Jeff alivyozikwa, mbele ya nyumba yake mwenyewe.

"Mke ndiye hufungua kilio," Min Jeff, mama mkwe wake, alimnong'oneza kando ya kaburi. "Piga nduru, nyathina, mwanangu. Hata moja tu, atusikie, ajue amefika."

"Mama, mimi siwezi kulilia mtu mwenye bado yuko."

Basi wengine wakalia bila yeye, na tunda likafukiwa.

Mellen alikuwa fundi wa redio mjini Migori, Mkuria aliyeolewa ziwani, na akishashika jambo hata ng'ombe wanne hawamng'oi. Alijua kwamba redio ya upepo, ile ya kubana kitufe na kuongea, iliyokuwa kwenye boti ilikuwa na ugonjwa. Ikipata joto iliteleza, ikaacha masafa yake na kwenda kuongea pembeni, mahali ambapo redio nyingine hazisikilizi. Kwa hiyo akilini mwake Jeff alikuwa amekwama kisiwani, anaita na kuita, na hakuna anayempata. Dawa yake ilikuwa mashine ya mafundi ya kupimia redio, ile inayoweza kupekua masafa yote, mlango kwa mlango, mpaka impate anayeongea.

Mashine ya namna hiyo haikuwepo Migori nzima. Lakini ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, na jirani yake wa duka, Abdihakim, muuza vifaa vya umeme, alikuwa ameunga kompyuta kwenye waya wa simu, watu wakawa wanapita dukani kuishangaa tu. Majuma kadhaa kabla ya mazishi, wawili hao walikaa mbele yake wakingoja picha zishuke polepole kutoka juu, mpaka wakaipata moja ya mtumba huko Uingereza. Abdihakim akamsomea maneno ya muuzaji.

"Anasema imetumika, inafanya kazi, ila ina kasoro moja. Inasikia kupita kiasi." Akacheka. "Dada Mellen, mwenye mali mwenyewe anakuonya."

"Hiyo si kasoro, ndugu yangu. Hiyo ndiyo nataka. Agiza."

Sikio la kufa halisikii dawa.

Mashine ilifika Jeff akiwa ameshazikwa. Mjane mbichi haruhusiwi kutoka bomani kwenda kwa watu, hivyo Abdihakim alifunga duka akaileta mwenyewe mpaka Homa Bay. Akatoa pole, akakataa chai, akaondoka bila kugeuza shingo upande wa kaburi.

Mellen aliiunga kwenye betri ya gari, akaiweka juu ya meza dirishani. Ulikuwa mchana wa jua kali, watoto wako shule, boma limetulia. Alianza kupekua. Kwanza palikuwa na mvumo, kisha kama maji yanayopigapiga ubao, kisha pumzi ya mtu. Halafu, mbali sana:

"Mellen, Mellen, unanipata? Ova."

Alipiga kelele ya furaha hadi kuku wakatawanyika. Min Jeff alikuja mbio, akainama, akaisikia sauti ya mwanawe. Hakufurahi. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, akijifunga leso upya kiunoni.

"Zima hiyo kitu."

"Mama, ni Jeff! Tutafute boti twende!"

"Sauti ni yake. Sijakataa."

Mellen hakuzima. Fundi gani asiyejua kwamba betri ya boti haiwezi kuishi miezi yote hiyo? Alijua. Aliona wazo hilo linakuja, akalifunika kwa kifuniko kama chungu cha mtu mwingine.

Kila "ova" ilimpa zamu ya kujibu, na kumjibu ndiko kulikomtesa. Mashine ilikuwa na maikrofoni, lakini imetengenezwa kuongea na redio iliyolala hapo mezani. Sauti yake haivuki ua. Kwa hiyo alikaa akisikiliza tu. Kila mchana sauti ilirudi, na kila mchana mshale wa mashine ulipanda zaidi. Mshale huo hupanda kadiri redio inayoongea inavyokaribia. Jeff alikuwa anakuja.

"Anakuja nyumbani, mama," alisema, macho yakimng'aa.

Min Jeff alikuwa akichambua omena, dagaa wa ziwani, mlangoni. Hakuinua kichwa.

"Mtu mwenye amezikwa vizuri hatembei, nyathina. Huyu anatembea. Kuna kitu hatukumpea."

Mellen alikasirika, akamnunia mama wa watu mpaka jioni. Lakini neno lilikuwa limeshaingia.

Mchana uliofuata, mbwa alijikokota chini ya ghala akakataa kutoka. Nguo kwenye kamba zilining'inia bila kutikisika, na chumbani mlinuka matope ya ziwani, ingawa ziwa liko mbali na boma. Mellen aliwasha mashine. Mshale ulipanda mpaka mwisho, ukabaki huko ukitetemeka. Sauti sasa haikuwa na mvumo wowote.

"Mellen. Niko hapa nje. Ova."

Alitazama dirishani. Palikuwa na jua, na kaburi, na hapakuwa na mtu. Woga ulimshika, na juu ya woga, furaha. Hapo uani sauti yake ingefika. Akashika maikrofoni, akabana kitufe.

"Jeff, uko hai?"

Akaachia.

"Nilimsikia mama," ilisema sauti, taratibu, ya mtu aliyechoka. "Nikawasikia dada zangu. Nikasikia hata yule mlevi wa Kendu Bay mwenye alikuja kwa sababu ya nyama. Nikangoja wewe. Wewe sikukusikia, Mellen. Sikujua kama nimefika. Ova."

Ndipo Mellen alipoelewa, na kuelewa kulimuuma kuliko kufiwa. Hakuna kisiwa. Ni yeye aliyemwacha njiani, kwa sababu ya upendo na kichwa kigumu. Na aliona pia, wazi kabisa, kwamba akinyamaza tu, sauti hii itakuja kila mchana maisha yake yote. Angekuwa na mume dirishani. Aliitaka sauti hiyo. Mungu anajua aliitaka.

Alibana kitufe, akapiga nduru.

Ilitoka chini kabisa, ndefu, ikapasua ule utulivu. Uani, Min Jeff aliangusha ungo akaipokea, kisha jirani, kisha jirani wa jirani, mpaka kilima kizima kikamlilia Jeff upya. Mellen alimwita kwa majina yake yote, akamlaumu, akamsifu, akamwambia lala.

Kwenye redio ya upepo, anayebana kitufe huongea tu. Hasikii kitu mpaka akiachie kitufe. Machozi yalimwishia, sauti ikamwishia, majirani wakaingia chumbani wakamkuta amekaa mbele ya meza. Min Jeff alimshika bega akamwambia inatosha. Lakini kidole chake kilikuwa bado kimebana, ukucha umekuwa mweupe, na hapakuwa na mtu aliyeweza kumfanya akiachie asikie kama bado kuna mtu upande wa pili.