Kinundu cha Jumatatu

Kila Jumatatu, kabla ya chai, dada Sulabha, bosi wetu, hututesa. Anaficha kinundu kidogo kwenye mpini wa presha kuka, sufuria ya mvuke tunayoibuni, ule wa ndani ya kompyuta, kisha kila mmoja anafumba macho na kukitafuta kwa kalamu. Kalamu yenyewe imeshikwa na mkono wa chuma wenye mota. Ikikutana na mpini inakusukuma, utadhani umegusa kitu cha kweli. Asiyekipata kinundu anahamishiwa kwenye kuchora maboksi ya kufungia bidhaa, na hapa mjini Pune wabunifu ni wengi kuliko viti.

Mimi dawa za saratani ziliniponya, zikaniachia vidole vilivyokufa ganzi. Sijamwambia mtu. Huwa napandisha nguvu ya mota mpaka mwisho, kinundu nakisikia kwenye kiwiko.

Leo alianza Omkar, yule asiyeshindwa na kitu.

"Hiki hapa, chini ya kidole gumba! Dada, wiki hii umetuonea huruma."

Hemangi akafuata. "Mh, kidogo kweli, lakini kipo. Hapo hapo."

"Mrunal, zamu yako," akasema dada Sulabha. "Usitulalie."

Nilipandisha nguvu, nikafumba macho. Kalamu ikateleza mpini mzima, kiwiko hakikushtuka hata mara moja. Nikarudia. Basi, nikajua ganzi imepanda mpaka huko. Ningeweza kusema "hapo hapo" kama Hemangi, lakini nilikuwa nimechoka kudanganya. Wala sikuogopa. Sikuhuzunika pia. Maboksi nayo ni kazi.

"Dada, mimi sisikii kitu," nikasema. "Hata kidogo."

Omkar akacheka. "Vada pav za asubuhi, ile mikate ya viazi, zimemlewesha huyo!"

Dada Sulabha hakucheka. "Leo sikuweka kinundu. Nilitaka nijue nani ananipigia porojo humu ndani. Nyie wawili, kaanzeni maboksi."

Omkar akakodoa macho. Hemangi akainamia viatu vyake.

"Mrunal, mpini ni wako," akaendelea. "Kesho unaletwa wa kweli, wa plastiki. Hakuna kalamu, hakuna mota. Utaupapasa kwa mkono, na utakachosema ndicho kitakachokwenda kiwandani."

"Dada, ngoja nikwambie. Hivi vidole vyangu..."

"Vidole vyako ni dhahabu!" akanikatiza.

Akavishika, akavibana kwa nguvu mbele ya wote. Nilimwona akivibana.